Mfuko wa Rangi Nyekundu

Mfalme alipochomwa kisu jukwaani, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nyuma ya pazia, fundi wa mavazi aliganda. Mfuko wa rangi nyekundu ya kuigizia damu, aliopaswa kuushona ndani ya kanzu ya mfalme, bado alikuwa ameushika mkononi, mzima, haujatoboka.

Na kanzu ilikuwa inalowa.

Mfalme mwenyewe ni mdogo wake wa tumbo moja. Fundi alitoka mbio peku hadi jukwaani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akambana ubavuni kwa viganja vyote viwili. Damu ilikuwa ya moto.

"Jamani, hili si igizo! Mdogo wangu anakufa! Leteni gari!"

Watu wakasimama kumshangilia.

"Huyo dada kiboko!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Analia utadhani kweli!"