Kikao cha Kumtafutia Kitanda

Msichana alikwenda chooni bila kuuliza kiko wapi. Akakata kona, akaruka ngazi iliyomeguka, akasukuma mlango wa kushoto. Askari wa kike aliyemleta alimfuata mbiombio, moyoni akisema: huyu keshawahi kuiba humu.

Wakarudi kwenye benchi la korido, nje ya ukumbi wa kamati. Kamati yenyewe ilikuwa na kazi moja tu, kuwatafutia wasichana wenye makosa mahali pa kufungiwa mbali na watu wazima. Wavulana walikuwa na shule yao ya maadilisho, tena yenye kiwanja cha mpira. Wasichana walikuwa na kamati.

Isipopatikana nafasi leo, mtoto huyu wa miaka kumi na sita angelala gereza la wanawake, pamoja na wauaji. Askari alikuwa mgeni katika mji huu, lakini kule alikotoka aliwahi kumpeleka mwingine gerezani namna hiyo. Hakupenda kukumbuka alivyomkuta baadaye.

Mlango wa ukumbi uliachwa wazi ili chai ipite, na chai haikuacha kupita.

"Ndugu wajumbe," mwenyekiti alisema, akipangusa makombo ya keki tumboni, "tatizo letu ni majengo. Mimi usiku silali." Mashavu yake yalisema analala fofofo.

Pembeni mwa korido mhudumu wa chai alikuwa akihangaika na bomba.

"Linazungushwa kinyume, dada," msichana alimwambia. Maji yakatoka.

Askari akamkazia macho. "Bomba la watu umelijulia wapi?"

Msichana akaendelea kutazama maji.

"Umeshaingia humu kuiba. Sema tu."

"Sijaiba kitu humu, afande."

"Haya, mimi ndiye mjinga."

Ukumbini wakapiga makofi. Walikuwa wamekubaliana kwa kauli moja kukutana tena. Kwa sasa msichana apelekwe gereza la wanawake. Amri ni amri; askari akasimama na kumshika mkono.

Mwenyekiti akatoka, akamkuta msichana mlangoni, akavaa uso wa msibani.

"Pole, binti yangu. Tungekuwa na hata chumba kimoja cha kuweka vitanda, nisingekuacha uende huko."

"Shikamoo, mzee," alisema msichana. Macho yake yalikuwa yamempita mwenyekiti begani, yakitazama ndani ya ukumbi. "Hapo ulipoweka kiti chako ndipo kilipokuwa kitanda changu, nilipofungwa mara ya kwanza. Mlipotutoa mlisema mnapaka rangi tu."