Mapigo ya Kocha Gwandu

Kocha Gwandu alikula makande nyumbani kwetu Mbulu, akamwahidi mama kwamba chuoni atanilea miaka minne kama bintiye. Tukatia saini, tukawekewa kidude kifuani, yeye na mimi, kama sheria inavyotaka: mwanariadha akikimbia, moyo wa kocha aliyemsajili nao hudunda kwa kasi ileile. Walisema ni ili kocha asimkimbize mtoto wa watu mpaka akafa.

Baada ya miezi miwili akahamia chuo kikubwa zaidi, bila hata kuniaga. Kocha mpya akaja na wakimbiaji wake. Mimi nikarudishwa nyumbani, nikakatazwa kusajiliwa kwingine mpaka miaka minne iishe.

Sawa. Lakini hata kidude chake hakitolewi mpaka hiyo miaka iishe.

Leo chuo chake kipya kinamtambulisha kwenye runinga, amevaa suti, jasho linamtoka hata kabla sijaanza. Mama anachagua maharage. Nafunga kamba za viatu, simu inaita; kwenye runinga namwona amegeukia pembeni, simu sikioni.

"Restituta mwanangu," Gwandu ananong'ona, kwa upole ambao sijausikia tangu siku ile ya makande, "leo pumzika. Saa moja tu. Daktari amesema moyo wangu..."

"Shikamoo, kocha," namjibu, kisha nakata.

Nilidhani mama atanizuia. Mama huyu hata kuku humwomba jirani amchinjie. Anaweka ungo chini, anasogeza kigoda karibu na runinga.

"Pitia njia ya mlimani," anasema.