Mkono wa Mwanaisha

Daktari alimweleza Mzee Kombo kwamba moyo wake haupigi sawasawa, na kwamba damu inaweza kuganda na kumletea kiharusi. Kisha akamuuliza kama kuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kufa ghafla.

"Baba yangu alianguka shambani," mzee alijibu. "Dada yangu alianguka jikoni, angali kijana. Tukasema ni husuda."

Daktari alimgeukia Mwanaisha, bintiye mzee, aliyemleta kliniki. "Na wewe je, moyo huwa unakwenda mbio hata ukiwa umekaa tu?"

"Mara mojamoja. Nilidhani ni uchovu."

"Itabidi nawe tukupime. Huenda pasiwe na kitu, ila siwezi kukuahidi."

Walipokaa nje kusubiri, Mzee Kombo aliushika mkono wa bintiye, akabonyeza vidole chini ya kiganja na kufumba macho. Kitu kilipiga, kikasita, kikapiga tena. Hakujua kama ni mshipa wa mwanawe au ni vidole vyake vinavyotetemeka.

"Baba, naitwa," Mwanaisha alisema, akasimama.

Mzee hakuuachia mkono.