Mkalimani wa Trela

"Kati ya mto Tana na mto Daua hakuna neno nisiloweza kulitafsiri," Ahmednoor alijigamba, lori liliposimama kwa mara ya tatu. "Hata mngurumo wa trela hii naufahamu. Inasema dereva wake ni punda."

Dereva mwenyewe alikuwa Keinan. Alikuwa ameshashuka, amechutama kando ya gurudumu la trela. Akatema mate kwenye chuma. Yakachemka, tsss, yakatoweka.

"Breki zinabata moto tena," akasema.

"Zinabata? Bata gani huyo wa moto? Sema zinapata, mzee. Pa! Pa!"

"Pa au ba, moto ni uleule."

Ahmednoor alikuwa karani na mkalimani. Alisoma sekondari huko pwani, akarudi na miwani, koti la sufu, na dharau ya kutosha wilaya nzima. Mwaka huo wa hamsini na tano, breki za umeme zilikuwa kitu kipya kwenye njia ya Wajir. Waya ulitoka kwenye betri ya lori hadi kwenye sumaku ndani ya magurudumu ya trela. Dereva akikanyaga, sumaku hunasa, trela hushikwa. Kwa miteremko mikali kulikuwa na kijiti cha chuma chini ya dashibodi, katikati. Ukikivuta chini, trela hushikwa peke yake. Fundi wa Garissa alikuwa amewaonya: kisichezewe.

"Karani, wewe ndiye uliyekaa hapo kati. Hukukigusa?" Keinan aliuliza.

"Hata kwa kidole."

Na ilikuwa kweli kabisa.

Keinan akapiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka laini, kana kwamba halijawahi kugoma maishani. Akafuata waya inchi kwa inchi. Mzima. Akazilegeza breki kidogo, kama alivyofanya vituo viwili vya nyuma.

"Limepona," akasema, akijikuna kichwa.

"Tukisimama linapona, ukishika usukani linaugua. Ugonjwa ni wewe!" Ahmednoor akafungua daftari. Aliandika kwa Kiingereza, lakini akasoma kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wa kuumia aumie papo hapo: "Dereva anakanyaga breki ovyo."

Keinan alijua maana yake. Msimamizi wa karakana ya Wajir alikuwa ameshamwambia: ukiunguza breki nyingine, funguo mezani. Na nyumbani Garissa watoto watano walikula kwa usukani ule.

Wa tatu garini, Tiya, mama mtu mzima aliyepandia njiani, Mado Gashi, alikuwa dirishani. Hakujua Kiswahili wala Kisomali. Akanyoosha kidole kuelekea trela, akasema jambo kwa Kiborana.

"Eedo, shangazi yetu, anasemaje?" Keinan akauliza.

"Anasema ngamia akigoma usimtazame miguu. Mtazame hatamu, huenda kuna mtu ametundika kitu." Ahmednoor akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Haya basi, tulivishe lori hatamu! Mpe mama usukani, Keinan, wewe upande nyuma ulale na mabomba ya visima."

Jua lilikuwa la kupasua mawe. Maji ya Keinan yalikwisha yote kwa kuyamwagia magurudumu. Kibuyu cha Tiya kilikauka kabla hawajafika Habaswein. Ahmednoor, yeye, alikuwa na mfuko wa turubai uliojaa maji baridi. Safarini aliuning'iniza kati ya magoti yake, koti juu. Lori likisimama tu, aliukumbatia ndani ya lile koti na kwenda kunywa nyuma ya kichaka, akisema anaenda haja. Tiya alipomwomba funda moja, alimjibu kwa Kiborana kwamba ni dawa ya kuogeshea mbuzi.

Mama aliitazama suruali ya karani, jinsi ilivyolowa mapajani. Akageukia dirishani. Lakini mwenye kiu hasahau maji yalipo.

Walifika Wajir alasiri, trela ikifuka moshi. Msimamizi akalisoma daftari amesimama. Akaagiza gurudumu lipigwe jeki, akalizungusha mwenyewe. Likazunguka kama pia.

"Trela ni nzima," akasema, akiendelea kulizungusha. "Keinan, nilikwambia nini?"

"Bwana, wallahi sikukanyaga."

"Huyu mama alikaa nanyi mbele. Karani, mwulize ameona nini."

Ahmednoor akauliza. Tiya akajibu, na jibu lilikuwa refu. Kidole chake kilikwenda kwenye lori, kikarudi kwenye koti la sufu, kikabaki pale.

Ahmednoor akakohoa. "Anasema... anasema dereva alikanyaga breki njia nzima."

Tiya hakuelewa neno hata moja. Ila aliuona mkono wa Keinan ukiingia mfukoni na kutoka na funguo.

Akamwendea mkalimani. Akapenyeza mkono ndani ya koti kama mtu anayemsaidia mbuzi kuzaa, akauchomoa mfuko wa turubai, mzito, maji yakicheza ndani. Akapanda lorini. Akautundika palepale ulipokuwa umetundikwa tangu asubuhi: kwenye kijiti cha chuma, chini ya dashibodi.

Kijiti kikainama. Kule nyuma, gurudumu likanguruma mikononi mwa msimamizi, likasimama kabisa.

Msimamizi akajifuta mikono, akamrudishia Ahmednoor daftari lake.

"Karani," akasema, "hebu nitafsirie hilo."