Robinson Anaikata Boti

Grainda ya kukatia ilipozama ubavuni mwa boti, vumbi jeupe liliruka likawapaka kuku wa jirani, nao wakaonekana kama wageni kutoka ng'ambo. Robinson akazidi kukandamiza. Leo Alhamisi. Jumamosi mama mkwe anafika, na chumba cha nyuma lazima kiwe kimetoka.

Asiyeijua boti hiyo atauliza inatafuta nini mtaani Gudele, mwendo wote ule kutoka mtoni. Inakaliwa na watu. Robinson aliinunua ikiwa imekufa injini, akaipakia kwenye lori na kuiweka juu ya matairi katikati ya kiwanja chake, na tangu hapo haijaonja maji ila ya mvua. Mbele, penye usukani, ni sebule na jiko. Nyuma, huko wanamaji wanakoita tezi, kuna chumba cha kulala chenye dirisha la duara na kitanda kilichojengewa humo humo. Kitanda hicho ndicho kilichomkosesha Robinson usingizi.

Maana mama mkwe hampendi. Hilo hakuhitaji kuambiwa. Tangu amwoe Scovia, mama huyo akija huketi nje na kumpa mgongo. Mbele ya Robinson hali hata punje ya karanga. Salamu zake humpitishia bintiye, kama mtu anayetuma barua ofisini. Na jua halijashuka, huyo, ameshika njia ya kwake Gurei. Robinson, aliyezaliwa na kukulia Eldoret, akikunja uso, Scovia humwambia, "Si unajua mambo ya kwetu?" Naye, kwa kiburi cha wanaume, hujibu kwamba anayajua sana.

Sasa mama amepiga simu: anakuja "kuona nyumba vizuri." Mtu haji kuona nyumba vizuri ila anatafuta pa kuweka sanduku lake. Mgongo wa mara moja kwa mwezi unavumilika. Mgongo wa asubuhi mpaka jioni, kila siku ya Mungu, mwishowe utamfundisha Scovia naye kugeuka. Robinson alikuwa tayari kupoteza chumba, si mke. Pasipo kitanda, mgeni hurudi kwake.

Malith, jirani, aliegemea ua.

"Ya Robinson! Unakata boti?"

"Nakata chumba tu."

"Ile ya kulala?"

"Hiyo hiyo."

"Kwa sababu mama ya Scovia anakuja?"

Robinson alizima grainda. Siri imevujaje? "Eeh," akasema, "wacha tu iwe hivyo."

Malith akavua kofia. "Wewe ni mtu, walahi. Mimi nilifikiri nyinyi watoto ya Kenya mlisahau."

Dhihaka hiyo Robinson aliimeza kavu, akaiwasha tena mashine.

Jioni Scovia alirudi kutoka sokoni akaliona pengo. Mumewe alikuwa na uongo tayari mdomoni.

"Ni mchwa, mama watoto. Wamekula boti mpaka—"

"Usiseme kitu." Scovia alifuta macho kwa ncha ya leso. "Mimi iko na bwana. Wengine wako na suruali tu."

Kisha akamchinja jogoo. Robinson alikula kila paja kwa mashaka. Mke akiudhika hupiga kelele, au hununa. Huyu anayechinja jogoo anapanga nini?

Ijumaa chumba kilikatika chote. Robinson alitaka kikatupwe kifudifudi nyuma ya choo, lakini kabla hajatafuta vibarua, Malith alitokea na nusu ya kwaya ya kanisa. Walikiinua wakiimba. Wakakipeleka pembe ya mbali kabisa ya kiwanja, wakakisimamisha juu ya mawe, wakakigeuza na kukigeuza tena mpaka mlango ukatazama ua, si boti.

"Nimesema mkitupe!"

"Tumesikia," Malith akamkonyeza. "Lakini mlango isiangalie kwako."

"Hata iangalie mbinguni, mimi inanihusu nini?"

Wote wakacheka, wakampiga bega. Ayen, muuza chai, akaleta pazia. Robinson hakuelewa takataka inavikwa pazia la nini, ila alikuwa amechoka kubishana na wendawazimu.

Jumamosi mama mkwe aliingia na kuku kwapani, akaupita uso wa Robinson kwa mbali, akageuka. Mgongo ule ule.

"Scovia," Robinson akasema, akilishika turubai lililofunika pengo, na sauti yake ameipaka huzuni, "mwambie mama pole sana. Chumba kimeisha. Hatuna pa kumlaza."

Mama alikwenda hadi kwenye kile chumba, akakizunguka, akagonga ukuta kwa vidole, akainama na kuingia. Kitanda kikalia. Robinson akaanza kuhesabu moyoni magari ya kurudi Gurei.

Ndipo sauti ikatoka kwenye dirisha la duara.

"Scovia, mwambie mkwe yangu, mimi nilikuja kusalimia tu, nirudi jioni. Mama hawezi lala chini ya paa moja na bwana ya binti yake. Hiyo ni aibu. Miaka yote nampa mgongo kwa heshima, nikasema huyu wa Kenya haoni." Akapenga kamasi. "Kumbe anaona. Amenikatia paa yangu mimi peke yangu."

Kabla Robinson hajaliachia turubai, mle ndani simu ilikuwa imeshapigwa.

"Halo, dada yangu Tisa? Ambia wengine wote wafunge mizigo. Njooni tu. Boti bado ndefu."