Jino la Mkwe

Tangu leseni moja ya udaktari wa meno ianze kutumika katika nchi zote jirani, Dokta Nyamizi hakuwa tena na haja ya kutoka nyumbani kwake Tabora. Alivaa glavu zenye nyaya chumbani, na mikono ya mashine ikaziba meno Kolwezi, Mbale, popote. Majina ya wagonjwa hakupewa. Alionyeshwa mdomo, akasikia sauti, basi. Na daktari aliyetoa siri ya mgonjwa alifutiwa leseni nchi zote kwa mpigo.

Jumapili hiyo bintiye Kabula alimleta mchumba wake, Ilunga, kutoka Kolwezi. Kijana mwenye adabu, alikula vizuri, akasifu mboga. Mjomba wa Kabula akamtania, Ilunga akacheka, na Nyamizi akaliona jino la mbele. Pembe yake iliyovunjika aliijenga yeye mwenyewe, Ramadhani iliyopita. Aliijua kama fundi cherehani ajuavyo mshono wake.

Sauti nayo ilikuwa ileile. Siku ile, wakisubiri ganzi ishike, mgonjwa alimwambia hataweza kurudi wiki ijayo kwa sababu mke wake yu karibu kujifungua.

“Mama, mbona umeacha kula?” Ilunga aliuliza.

“Nimeshiba, baba.”

Kabula alimfuata jikoni, akanong’ona, “Haya, niambie. Umemwonaje?”

Nyamizi alifungua bomba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kama afanyavyo kabla ya kazi. Nyumba nzima ilikula kwa leseni ile.

“Ana meno mazuri,” akasema.

Kabula akamkumbatia, akakimbilia sebuleni kumpelekea mchumba wake jibu.