Safu Isiyo na Chai

Alipomaliza kudondosha dawa ya rangi, mwanafunzi aliiweka sahani ya vishimo juu ya karatasi nyeupe, kisha akavuta kiti akaketi kuitazama.

Chembe za kinga alikuwa amezichokoza kwa sumu ya bakteria. Zilizowaka kwa uvimbe zingeleta rangi ya waridi. Zilizotulizwa na dawa ya majani ya chai ya kijani zingebaki angavu kama maji. Profesa alikwisha sema: jaribio hili likishindikana, tafuta mada nyingine.

Safu ya chai ilibaki angavu. Hakuthubutu kufurahi. Mwezi uliopita sahani nzima ilibaki hivyo, akalisha maabara yote keki, ndipo chupa ya sumu ikakutwa kwenye friji, haijafunguliwa.

"Mpwa wangu, leo umezichokoza kweli?" aliuliza fundi wa maabara. "Au nioshe mikono, keki inakuja?"

"Usinicheke, mjomba. Tazama safu ya kwanza."

Hiyo ilitiwa sumu, ila haikutiwa chai. Nayo ikibaki angavu, basi kazi imeharibika.

Kishimo kimoja kikaiva taratibu, kama shavu la mtoto aliyetoka kuamka. Kikafuata cha pili. Mara vyote vinane vikawa waridi, na pembeni safu ya chai imetulia tuli.

Fundi akaacha kutafuna kalamu. "Kamwite profesa."

"Yuko mkutanoni."

"Huko huko."

Binti huyu hubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Akaibeba sahani kwa mikono miwili, akausukuma mlango wa mkutano kwa bega.